Mlamba Mafurungu wa Kiwambani

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nini?

Pakawa na mji, na mjini sonara, na kwa sonara mabinti wawili.

Na nje ya mji?

Nje ya mji pakawa na msitu, na msituni pakawa na anayesikiliza.

Basi sogeeni karibu. Mlango ufungeni, upepo unavuma. Na nikiimba, msiitike. Wimbo wa leo si wa kuitikiwa.

Mji huo uliitwa Kiwambani. Wako wanaosema Kiwamba, wanakosea. Kiwamba ni kijito kilichopita nyuma yake. Mji ni Kiwambani.

Sonara wa mji aliitwa Shaame wa Makungu. Moto na moshi wa kazi vilikuwa vimemla macho, akawa anaona ukungu tu, lakini vidole vyake vilikuwa vinaona. Mkewe alikwisha fariki. Binti yake mkubwa aliitwa Mize, na mdogo aliitwa Somoe. Mize alifua na kusubu madini pamoja na baba yake. Somoe alipenda kucheza, kucheka na kulala.

Kiwambani kulikuwa na desturi. Kila Alhamisi asubuhi wanawake walikaa uani wakasafisha mapambo yao, ili Ijumaa iwakute wanang'aa. Wadogo walijifunza kwa wakubwa, na Mize na Somoe walijifunza kwa baba yao.

"Dhahabu ni laini kama utosi wa mtoto," aliwaambia. "Maji ya vuguvugu, povu la sabuni, kitambaa. Usiiweke chombo kimoja na vyuma vigumu, itakwaruzwa."

"Na shaba, baba?"

"Shaba ina hasira. Iache na unyevu, itakutolea kutu ya kijani. Isugue kwa ndimu na chumvi, kisha isuuze upesi, uikaushe."

"Na fedha?"

Fedha inayosemwa hapa si hii ya kununulia sukari, watoto. Ni madini yale meupe, waliyofulia mafurungu ya miguuni na vikuku vya mikononi.

"Fedha inakunywa," akasema Shaame. "Inakunywa jasho la mvaaji, kisha inakuwa nyeusi. Weusi ule ni wako wewe. Uondoe mwenyewe, kwa majivu laini yaliyochekechwa, na majivu yake uyamwage kwenye maji yanayokwenda. Usimpe mtu mwingine."

"Kwa nini, baba?"

"Mimi niliambiwa hivyo na baba yangu. Naye hakuniambia kwa nini."

Somoe alisikia, akaenda kucheza.

Siku moja, ulipoingia mwezi wa harusi, akafika mjini mgeni. Alikuwa mrefu, kanzu yake nyeupe, bakora mkononi, na kilemba kikubwa kimefungwa mpaka shingoni kwa nyuma. Alisema jina lake ni Safidi.

Akaketi barazani kwa Bi Mwatime, dada yake Shaame, aliyekuwa akimwoza mwanawe. Akasema, "Nasikia mna harusi. Mimi nang'arisha mapambo."

"Unatoza nini?" akauliza Bi Mwatime, maana alikuwa mwanamke wa kuuliza.

"Sitozi kitu. Malipo yangu ni ule weusi tu."

Bi Mwatime akacheka mpaka akapaliwa. "Weusi! Jamani, njooni mwone mtu anayelipwa kwa uchafu!"

Wanawake wakaja na mapambo yao, wakayamwaga mkekani. Safidi akayachambua kwa ncha za vidole.

Akasukuma dhahabu kando. "Dhahabu haikumbuki mtu."

Akasukuma shaba kando. "Shaba inachoma ulimi."

Kisha akakusanya fedha yote kifuani kwake. "Fedha nipeni mimi. Fedha inakumbuka."

Hakuna aliyemuuliza ulimi unaingiaje katika kazi ya kung'arisha.

Bi Mwatime akampa kibanda nyuma ya nyumba. Safidi akaingia, akafunga mlango kwa komeo. Alipotoka, fedha ilikuwa nyeupe kama maziwa. Kiwambani nzima hawakupata kuona fedha nyeupe namna ile.

Wa kwanza kupokea mafurungu yake alikuwa Kibibi binti Faki. Aliyavaa, akatembea njia nzima akiangalia miguu yake.

Alhamisi ile, jua lilipokuwa linazama, wimbo ukasikika upande wa msituni. Ulikuwa wimbo mdogo, sauti ya chini, kama mtu anayembembeleza mtoto.

*Njoo, mwenye jasho, njoo.*
*Njoo, mwenye mguu, njoo.*
*Njoo, mwenye jina, njoo.*

Kibibi alikuwa anakuna nazi. Akaweka kifuu chini, akasimama, akatoka. Mama yake akamwita, "Kibibi, unakwenda wapi?" Hakugeuka.

Asubuhi walikuta mafurungu yake ukingoni mwa msitu. Yalikuwa yamesimama wima kwenye nyasi, moja mbele na moja nyuma, kama mtu aliyekatizwa akitembea. Miguu haikuwamo. Na yalikuwa yanang'aa kuliko jana.

Watu wakasema ni chui. Wakalia, wakazika mafurungu, wakarudi kwenye mipango ya harusi.

Alhamisi iliyofuata wimbo ukasikika tena. Safari hii alikuwa Mwanaidi, mke wa mfinyanzi. Mumewe aliposikia, akakumbuka Kibibi, akamfunga mkewe kamba kwenye kitanda, akakaa juu ya kamba. Akamshika kwa mikono miwili. Mwanaidi hakupiga kelele. Aliinama tu, akaikata kamba kwa meno, akamburuta mumewe mpaka kizingitini, na hapo mkono ukamponyoka.

Asubuhi, mafurungu kwenye nyasi. Moja mbele, moja nyuma. Yanang'aa.

"Chui gani anayeimba?" akauliza Mize.

"Wewe nawe!" akasema Bi Mwatime. "Ule ni upepo kwenye mianzi. Na mumewe yule ni mlevi, kila mtu anajua."

Hakuwa mlevi. Mimi nasema alivyosema yeye.

Basi siku chache kabla ya harusi, Bi Mwatime akafika kwa kaka yake kutazama nguo za mabinti. Akainua kanga ya Somoe kidogo kwa ncha ya kidole.

"Yuu! Ndio miguu hii utakayoichezesha mbele ya watu wa upande wa bibi harusi? Mafurungu meusi kama chungu cha wali! Watasema sonara hana majivu nyumbani kwake."

"Nitayasafisha Alhamisi, shangazi," akasema Somoe.

"Umeyasema hayo tangu mwaka jana."

Ni kweli, alikuwa ameyasema tangu mwaka jana. Somoe aliona haya. Lakini haya yake haikumpeleka kwenye majivu. Ilimpeleka kwenye kibanda cha Safidi.

Jioni Mize alipomwona mdogo wake anavuka uani, akasimama. Mafurungu yalikuwa meupe kama maziwa.

"Somoe. Umeyasafisha na nini?"

"Na majivu."

"Mwongo. Vidole vyako visafi."

Somoe akainamisha kichwa. "Bwana Safidi hachukui hata kitu, dada. Nilisubiri kidogo tu."

Mize akamvuta kwa mkono mpaka kwa baba yao. Shaame akapiga goti, akapapasa furungu kwa kidole gumba, polepole, akalizunguka lote. Akalizunguka tena. Akalizunguka mara ya tatu, kisha akanusa kidole chake, uso ukambadilika.

"Majivu huacha mikwaruzo midogo," akasema. "Kitambaa huacha mkondo. Hapa hakuna mkwaruzo, hakuna mkondo. Kitu laini kimepita hapa, Mize. Kitu laini chenye mate. Fedha hii haikusuguliwa. Imelambwa."

Somoe akaanza kulia.

"Yavue," akasema Mize.

Akayavua. Lakini hata alipoyavua, kwenye ngozi ya vifundo vya miguu palibaki duara mbili nyeupe, na duara zile hazikutoka kwa maji wala kwa sabuni.

Asubuhi yake, Jumatano, Mize akaenda kwa Bi Mwatime, akapita ubavuni mwa nyumba mpaka nyuma ya kibanda. Udongo wa ukuta ulikuwa umebanduka kwenye mti mmoja, ukaacha ufa, akachungulia.

Safidi alikuwa ameketi akiutazama ukuta wa mbele. Kilemba amekivua, kiko magotini. Na pale kisogoni, pasipokuwa na nywele, palikuwa na kinywa cha pili. Kilikuwa kipana kutoka sikio hadi sikio. Mkono wa Safidi ulishika kikuku cha fedha kwa nyuma ya kichwa, na ulimi mwekundu ulikuwa unakizunguka, unakizunguka, unakizunguka.

Alikuwa zimwi, watoto.

Kinywa cha mbele kikauliza, "Umelamba?"

Kinywa cha nyuma kikajibu, "Nimelamba."

"Umemjua?"

"Nimemjua. Mjane, ana mafuta kidogo."

"Atakuja?"

"Nikimwita atakuja. Yeyote niliyeulamba weusi wake, nikimwita, atakuja. Hana nguvu ya kukataa. Lakini kesho ni zamu ya yule binti wa sonara. Yule mdogo. Mtamu yule, ana uvivu, nyama yake haikufanya kazi."

"Ana sura gani?"

"Nitajuaje sura? Macho unayo wewe. Mimi nina ulimi."

Mize akaziba kinywa chake kwa kanga. Akarudi nyuma hatua kwa hatua, akaenda moja kwa moja kwa shangazi yake, akamweleza.

Bi Mwatime akamtazama toka juu mpaka chini. "Kinywa kisogoni?"

"Naapa, shangazi."

"Mize, mwanangu, wivu wa kazi ni mbaya. Tangu aje Bwana Safidi hakuna anayebisha hodi kwenu. Mimi nimekuelewa. Lakini usimzushie mtu wa watu uzimwi wiki ya harusi yangu."

"Ni ya mwanao, shangazi, si yako."

"Toka."

Mize akatoka. Alimweleza baba yake yote, neno kwa neno, na Shaame alimsikiliza akiwa amemshika Somoe begani.

"Tumtoroshe," akasema Mize.

"Wimbo utamfuata."

"Tumfunge."

"Mwanaidi alifungwa."

"Basi nichukue nyundo, niende nikamvunje kichwa kile."

"Afe akiwa na ladha ya mdogo wako ulimini? Mimi sijui itakuwaje, na wewe hujui." Kisha akasema, "Rudia alichosema. Yeyote?"

"Yeyote niliyeulamba weusi wake, nikimwita, atakuja."

"Na kinywa kile hakina macho."

Somoe akawatazama, hakuelewa. Lakini Mize alikwisha kusimama, anatafuta koleo.

"Bakora yake," akasema. "Ana bakora ya mti mtupu."

"Fedha safi itakawia kuwa nyeusi," akasema Shaame. "Tia shaba nyingi. Fedha yenye shaba nyingi haikawii."

Wakasubu, wakapasha, wakavuta waya mwembamba mrefu mpaka viganja vyao vikavuja damu. Adhuhuri Mize akaoga, akajifuta chozi, akaenda barazani kwa Bi Mwatime na waya ndani ya kitambaa.

"Bwana Safidi," akasema, "mji wote umeupamba, na wewe mwenyewe huna pambo. Baba ameona haya. Amesema nikuzungushie fedha kwenye mshiko wa bakora, uingie harusini kama watu wakubwa."

Bi Mwatime akapiga vigelegele. "Ndiyo! Hapo umefanya la maana!"

Safidi akatabasamu kwa kinywa cha mbele. "Sonara hana kinyongo nami?"

"Kinyongo cha nini? Itembeze tu mjini, Bwana, watu waione. Ishike sawasawa, isilegee."

Akauzungusha waya wote pale pale. Safidi akaishika bakora, akaitazama, akaipenda. Akaitembeza sokoni. Akaitembeza kisimani. Akaitembeza mpaka kijitoni na kurudi, juani, jua la Kiwambani ambalo si la mchezo. Na jasho la zimwi si kama jasho letu. Asubuhi ya Alhamisi waya ulikuwa mweusi tititi.

Mize akamkuta barazani. "Lo, imelegea. Nipe nikaikaze, alasiri utaipata."

"Usichelewe," akasema Safidi. "Magharibi nina pa kwenda."

"Sichelewi."

Nyumbani Shaame alikwisha kukaa mbele ya fuawe, chuma chake cha kufulia. Somoe, kwa mazoea ya nyumba ile, akaanza kuvuta mivukuto ya kupulizia moto.

"Acha!" Shaame akapiga kelele, naye si mtu wa kelele. "Zima moto! Moto utakula weusi wote, na weusi ndio tunaoutaka!"

Hiyo ndiyo iliyokuwa taabu yao. Hakuna sonara anayesokota kikuku bila kupasha. Fedha usipoipasha inakuwa ngumu, na ukiilazimisha inakatika. Shaame alifanya kazi kwa vidole vitupu, akiviringisha waya ule baridi, anasikiliza kila unapolia. Ukikatika hawana mwingine, na jua limekwisha kupita utosini.

Ulilia mara moja. Akapumzisha.

Ulilia mara ya pili. Akapumzisha.

Ulilia mara ya tatu, ukapinda, ukakubali. Kikawa kikuku cha kusokota, cheusi, kidogo, kisichopendeza.

Kuhusu bakora, Mize aliizungushia waya mwingine mweupe uliobaki wa kazi za zamani. Alasiri akapeleka vyote viwili.

"Hii bakora yako. Na hiki kikuku nimeombwa nikuletee, ukikisafishe leo leo."

Safidi akakichukua bila kukitazama. "Cha nani?"

"Cha mgeni mmoja aliyekuja kwa ajili ya harusi."

"Mwembamba au mnene?"

"Ameshiba, Bwana. Tangu afike mjini kwetu hajalala njaa."

Nyuma ya kilemba kitu kikasogea, kama mtu anayemeza mate. Safidi akaingia kibandani na kufunga komeo. Mize akasimama nje. Akasikia ulimi unazunguka. Akasikia umesimama. Kisha akasikia kinywa cha nyuma kinasema kwa sauti ndogo ya mshangao, "Huyu ni nani? Huyu ana ladha ya watu wengi."

Basi jua likashuka.

Somoe alikuwa anachambua mchele. Alikuwa amemwahidi baba yake kwamba hatasikia, kwamba atajiziba masikio kwa pamba, na pamba aliitia. Wimbo ulipoanza, akaweka ungo chini. Akasimama. Macho yake yalikuwa wazi, lakini hayakumtazama mtu.

"Nenda naye," Shaame akamwambia Mize. "Usimvute. Shikana naye mkono tu, na mkono usiuachie."

Wakapita mjini wameshikana mikono. Watu waliwaona. Milango ilifungwa, mmoja baada ya mwingine. Bi Mwatime alikuwa dirishani, na dirisha lake nalo likafungwa.

Ukingoni mwa msitu Safidi alikuwa amesimama, amewapa kisogo. Kilemba kimetundikwa kwenye tawi. Kinywa kiko wazi.

*Njoo, mwenye jasho, njoo.*
*Njoo, mwenye mguu, njoo.*

Mkono wa Somoe ulikuwa wa baridi, unavuta kama kamba ya ndoo iliyojaa. Mize akapiga ukelele, "Bwana Safidi! Na yule mnene je? Humwiti?"

Wimbo ukasita.

"Ah," kikasema kinywa cha nyuma. "Yule."

"Huyu mdogo ni mifupa mitupu, nakuambia mimi niliyemlea. Ukianza naye utashiba bure, na yule wa kikuku cha kusokota ataondoka zake kesho."

"Yule ni mtamu kuliko wote niliowalamba tangu niwe na ulimi."

Lakini kinywa cha mbele kikasema, "Ngoja. Kikuku hicho kilikuwa cha waya?"

"Nitajuaje? Mimi nina ulimi tu."

"Waya wa kusokota? Ngoja. Usimwite huyo."

"Kila siku wewe ni kusema, kusema! Anayekula ni mimi."

"Usimwite!"

"Nyamaza."

"Usimwite, mpumbavu we, usi—"

Kinywa cha nyuma kikaimba.

*Njoo, mwenye jasho, njoo.*
*Njoo, mwenye mguu, njoo.*
*Njoo, mwenye jina, njoo.*

Miguu ya Safidi ikaanza kwenda. Ikaenda kwa aliyeita. Na aliyeita yuko nyuma yake. Akageuka, na aliyeita akageuka naye. Akazunguka, akazunguka, akazunguka, nyasi zikalala chini yake, na kinywa cha mbele kinalia, "Funga! Funga, ni sisi!" Lakini kinywa cha nyuma kilikwisha kuita, na kilichoitwa hakina nguvu ya kukataa, na kinachokuja kinaliwa.

Kikaja kwanza kilichokuwa karibu. Likaja sikio. Likaja bega. Ukaja mkono, na kanzu yake. Kinywa hakikujua kinakula nani. Kilisema tu, "Mtamu, mtamu, mtamu," mpaka hakukubaki cha kula.

Mize hakufumba macho. Aliogopa kwamba akiyafumba mkono wa mdogo wake utaponyoka. Alitazama mpaka mwisho, na mwisho wake kulibaki kinywa peke yake kwenye nyasi, kinatafuna hewa. Kisha nacho kikajimeza.

Msitu ukanyamaza. Somoe akakaa chini kama mtoto anayejifunza kusimama.

Wako wanaosimulia kwamba zimwi alipokufa, Kibibi na Mwanaidi walitoka tumboni mwake wakiwa wazima. Mimi sikuambiwa hivyo. Niliambiwa hawakutoka. Mfinyanzi alikaa na mlango wazi kila Alhamisi mpaka uzee wake.

Na harusi ilifanyika? Ilifanyika, bila ngoma. Bi Mwatime alikuja kwa kaka yake na sahani ya biriani, akaiweka mlangoni. Mize akaipokea. "Karibu ndani, shangazi," akasema.

Lakini Somoe alikuwa hachezi tena. Alikula akiambiwa kula, alilala akiambiwa kulala. Jua lilipozama aligeuza uso upande wa msitu na kukaa hivyo mpaka giza liingie. Mize akamvalisha mafurungu yake, akamwambia afanye kazi, achote maji, atwange, atoke jasho. Somoe akatwanga mpaka nguo ikamganda mwilini.

Alhamisi Mize akainama kutazama. Mafurungu yalikuwa meupe kama maziwa.

Alhamisi nyingine akainama. Meupe.

"Baba," akasema, "fedha haimkumbuki."

"Mtwangishe," akasema Shaame. "Mwimbie nyimbo zetu. Mkemee akivunja kitu. Fanya kama yumo."

Basi Mize akafanya kama yumo. Kusi ikapita, kaskazi ikaja. Akamkemea, akamwimbia, akamsuka nywele akimvuta kwa makusudi ili apige kelele. Somoe hakupiga kelele. Na kila Alhamisi Mize aliweka chungu cha majivu laini pembeni, akainua mguu wa mdogo wake, akautazama, akaurudisha majivu hayajaguswa.

Ikawa Alhamisi moja ya mvua. Mize akainua mguu, akaugeuzia kwenye mwanga. Upande wa ndani wa furungu, pale linapogusa kifundo, palikuwa na doa. Dogo, rangi ya moshi.

Akalifuta kwa kidole. Halikutoka. Akanusa kidole. Ni jasho.

"Dada," akasema Somoe, "mbona unanilowesha mguu?"

Mize alikuwa analia juu yake.

"Mafurungu yako machafu, Somoe. Yanatia aibu."

"Nitayasafisha Alhamisi."

"Leo ndiyo Alhamisi, mvivu we!"

Somoe akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza. Shaame alikuwa chumbani anafua kikuku cha mtu, na nyundo yake ikasimama.

Majivu yale hawakuyatumia siku ile. Mize aliliacha doa likae.

Hapo hadithi yangu imetua, na ninyi mtatua nayo. Ukiwa na dhahabu, ioshe kwa upole. Ukiwa na shaba, ikaushe. Ukiwa na fedha, isugue kwa mkono wako mwenyewe, na akija mtu kutaka uchafu wako bila malipo, muulize kwanza anakwenda kuufanyia nini.

Haya, kalaleni.